Kiungo

Mchana napima majani ya chai Katumba,
karani wa mizani, kalamu sikioni;
usiku naandika vijiprogramu visivyonilipa hata vocha:
kimoja cha zamu za kufagia kanisa,
kimoja cha kuhesabu siku za mvua (nilikiacha; Tukuyu
ni rahisi zaidi kuhesabu siku za jua),
na hiki, Kilo Zangu, ambamo mchumaji
anaandika namba yake na kuiona wiki yake yote
bila kunisubiri dirishani, maji yakimtiririka shingoni.

Nilikituma kundini Jumapili baada ya ibada.
Kikatua hivyo hivyo: mstari wa herufi za buluu,
nukta, mkwaju, tarakimu,
na chini yake kisanduku cha kijivu, kitupu
kama bango la mgombea aliyejitoa.
Waliokiona, arobaini na wawili. Aliyefungua, mimi.
Mama Gwantwa akajibu kwa sauti, sekunde sita:
“Ile hela itume kwa namba hii, eeh? Tumewazoea.”

Alikuwa na haki. Mgeni anayesukuma mlango
bila hodi, bila jina, bila kusema katokea kwa nani,
hata mbwa anajua la kumfanya.

Nikarudi kwenye msimbo, kule kichwani mwa ukurasa
ambako msomaji hafiki.
Nikaandika jina. Nikaandika maelezo, nikayafupisha,
maana simu ya mzee Ambilikile hukata sentensi katikati
na “Angalia kilo zako bila” ilibaki inaning'inia.
Picha: elfu moja mia mbili kwa mia sita thelathini,
isiwe nzito, mtandao wa huku hupanda mlima kwa miguu.
Nikachagua ile niliyoipiga Machi:
mikono ya Atupele juu ya kikapu,
weusi wa utomvu kwenye kucha,
majani mawili na kichipukizi katikati ya vidole.

Wakafungua. Thelathini na saba kabla ya kulala.
Mama Gwantwa akatuma dole gumba, kisha la pili.
Nilijiona fundi.

Jumatano Sekela akaja mizanini, hana kikapu.
“Ile ni mikono ya mama.”
Nikatabasamu; nilidhani nashukuriwa.
“Alikuwa anaificha kwenye kanga hata siku ya harusi yangu.
Ulimwomba?”

Sikumwomba. Na tangu Juni hayupo wa kuombwa.

Usiku ule nikaifuta. Nikatuma kiungo upya,
mikono ikatokea. Nikafuta tena, nikatuma. Mikono.
Simu zilikwisha kuiweka akiba, kila moja kivyake,
na seva za mbali, zisizoijua Katumba wala harusi ya Sekela,
zilikuwa zinaikumbuka kuliko mimi niliyeipiga.
Kiungo: lugha yetu haijasahau kwamba neno hili
ni kifundo, ni goti, ni kidole cha mtu,
ni kitunguu kilichokwisha kuyeyukia mchuzini.
Haya, kitoe sasa.

Saa tisa usiku nikabandika mkiani mwa anwani
alama ya kuuliza na namba mbili.
Ujanja wa kitoto: mlango ule ule, chaki mpya,
na simu zikaamini kuwa ni nyumba nyingine.

Kadi ya sasa haina picha ya mtu.
Kijani kitupu, herufi nene zinazosomeka
hata kwenye kioo cha Ambilikile chenye ufa:
Kilo Zangu. Mizani ya Katumba.
Kilo zako za wiki hii. Hapaombwi hela.
Na chini, jina langu, Ipyana wa mizani,
wajue nani wa kumsema.

Nilimtumia Sekela peke yake, kabla ya kundi.
Mvua ilikuwa inapiga bati, mtandao kijiti kimoja.
Maneno yalitangulia, kijani kikafuata nyuma kwa kusitasita.
Tiki mbili, zikageuka buluu.
Hakuandika kitu.

Saa nane nilipofungua dirisha alikuwa wa tatu kwenye foleni.
Akatua kikapu, akarudisha mikono ndani ya sweta.
“Kilo kumi na nne na nusu,” nikasema.
“Nitaangalia,” akasema.